Nusu Kidonge cha Yunis

Sikumpenda Yunis, na sitaki anayesoma habari hizi adhani ninamsimulia kwa sababu tulikuwa marafiki. Aliingia nyumbani kwangu Ngonga, wilayani Kyela, mwaka ule ule ambao kakao niliyoipanda kwa mikono yangu ilianza kuzaa. Mume wangu Hezroni akaniambia nihamie kwenye kibanda cha chini, karibu na majaruba ya mpunga, kwa kuwa nyumba ya bati haiwatoshi wanawake wawili. Nyumba ile niliifyatulia matofali nikiwa na mimba ya Lusungu, mwanangu wa kwanza. Kanisani Hezroni alitengwa na meza ya Bwana kwa kuoa mke wa pili, na mimi nikaambiwa nimwombee. Sikumwombea.

Yunis alizaliwa Ikombe, kule ambako milima inashuka mpaka kwenye maji ya ziwa na watu wanafika kwa mtumbwi au kwa njia ya miguu kwenye mawe. Ni Mkisi. Kwao wanaume huvua na wanawake hufinyanga vyungu. Alisema mama yake alimpa donge la udongo alichezee kabla hajaacha kunyonya, na akiwa na miaka kumi vyungu vyake vilikuwa vinapangwa pamoja na vya watu wazima, kimoja ndani ya kingine na nyasi katikati, vikipelekwa mnadani Matema. Hezroni alikwenda mnada huo kununua vyungu viwili vya maji. Akarudi na vyungu viwili na mfinyanzi.

Udongo wa kwetu aliukataa siku ya kwanza. Alisema ni wa mpunga, ukiingia motoni unapasuka. Akawa analetewa udongo kutoka ufukweni kwa baiskeli, anauponda, anauchanganya na mwingine mwekundu, anakaa chini ya ukuta wangu wa kaskazini, na kufinyanga siku nzima bila gurudumu wala kitu, ni mikono tu, kokoto ya kulainishia na kipande cha bati cha kukatia midomo ya vyungu.

Jambo moja lilimsumbua. Kwao Ikombe mwanamke hachomi vyungu peke yake. Wanavipanga vya wanawake sita au saba mahali pamoja, wanaweka kuni na nyasi, na mwenye kuni nyingi anaweka kwa ajili ya wote. Asiye na kuni haulizwi. Mpaka moto uzime, hakuna anayesema kile ni changu na kile ni chako. Kwetu hapakuwa na mfinyanzi mwingine, kwa hiyo alichoma peke yake. Mimi nikiwa majarubani nilimwona kwa mbali amesimama na fimbo yake ndefu, moshi unampiga usoni, hana wa kusema naye. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi.

Miaka kumi na moja ilipita hivyo. Hakupata mtoto. Kisha akapata uvimbe kwenye titi la kushoto, akapelekwa hospitali ya rufaa Mbeya, akarudi titi halipo. Haikupita miezi miwili Hezroni akavuka mpaka pale Kasumulu, akasema anakwenda Malawi kununua mchele. Mtu wa Kyela anakwenda nchi nyingine kununua mchele. Hajarudi mpaka leo. Hutuma salamu kwa madereva wa malori, na salamu zenyewe ni za jumla: wake zangu hawajambo?

Yunis akabaki nyumba ya juu, mimi nikabaki ya chini. Tulikuwa hatusemezani. Tungeendelea hivyo mpaka kufa kama si siku moja ya mavuno, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, alipokuja kusimama karibu yangu.

"Ugonile, mama Lusungu," alinisalimu kwa Kinyakyusa, kwa ile lafudhi yake ya ziwani.

Nikaitikia bila kumgeukia.

"Mbona gunia unalibeba upande mmoja?"

"Nalibeba ninavyotaka."

"Upande wa kulia unaukinga kama kuku mwenye vifaranga. Titi lina nini?"

"Titi langu linakuhusu nini? Ulishachukua mume, sasa unataka na titi?"

Watu wa mashineni wakaacha kazi kusikiliza. Yunis hakuona haya. "La kwangu walilichukua, ni kweli," akasema. "Lakini kama ningekuwa natafuta la kuazima nisingekuja kwako. Lako limelala."

Nilicheka kabla sijajizuia. Sijui kwa nini, baada ya hapo nilimfuata nyuma ya mashine, kwenye lundo la pumba, nikafungua blauzi. Alinishika kwa vidole gumba viwili, taratibu, macho ameyaelekeza pembeni, kama anavyotafuta jiwe lililojificha ndani ya udongo.

"Jiwe lipo," akasema. "Langu lilianza hivi hivi. Kesho twende hospitali."

"Siendi. Nilikuona ulivyorudi."

"Nimerudi mzima."

"Umerudi nusu. Na mume akakukimbia."

"Wewe ulikuwa na yote mawili, akakukimbia vilevile."

Nilifunga vifungo nikaondoka. Nilikuwa nimeamua kwamba nikifa nitazikwa na mwili wangu wote, kwa kuwa kila kitu kingine nilikuwa nimeshanyang'anywa.

Siku ya tatu akashuka kibandani kwangu asubuhi, amekanyaga matope mpaka magotini, mkononi karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na nusu ya kidonge cheupe.

"Dawa yangu ya titi," akasema. "Hospitali wameniongezea. Meza, kila asubuhi nitakuletea nyingine."

"Mbona ni nusu?"

"Ndivyo unavyoanza."

Sikujua mambo ya dawa. Nikameza. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Ilipita miezi mitano. Nilianza kupandwa na joto shingoni na usoni, ghafla, hata nikiwa nimekaa kivulini, natoka jasho kama niko jikoni na ndizi za sherehe. Yunis akasema na yeye ni hivyo hivyo, ndiyo dawa inafanya kazi. Basi tukawa tunakaa barazani, wote wawili tunajipepea kwa vifuniko vya sufuria, namwekea chai, ananisimulia habari za Ikombe. Ndani sikumkaribisha.

Lakini uvimbe haukupungua. Wakati naanza kumeza ulikuwa kama mbegu ya kakao. Tulipofika wakati wa kupandikiza mpunga ulikuwa kama ndimu ndogo, na niliuficha hata kwa Yunis, kwa sababu niliona aibu kumwambia dawa yake hainifai.

Asubuhi moja hakuja. Mvua ilikuwa imenyesha na kijito kimejaa. Nikapanda mimi. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mitatu kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na moto, mbele yake kifuniko cha chungu, juu ya kifuniko kidonge kimoja kizima. Alikuwa anakikata katikati kwa kile kipande cha bati cha kukatia midomo ya vyungu. Nusu akaitia kinywani. Nusu akaanza kuikunjia karatasi. Hapo ndipo aliponiona.

"Kile kingine kiko wapi?" nikamuuliza.

"Kingine kipi?"

"Ulisema wamekuongezea."

Akaendelea kukunja karatasi. "Wewe ulikataa kwenda. Ulitaka nifanye nini?"

"Uniache."

"Kwetu hakuna anayechoma peke yake," akasema. "Mwenye kuni anaweka, asiye na kuni anapanga chungu chake. Mimi nina kuni, wewe huna. Ndiyo basi."

"Yunis, hizi si kuni za porini. Zikiwa haba, vyungu vyote vinatoka vibichi. Si ndivyo?"

Hilo analijua kuliko mimi. Nikamwonyesha titi. Alipoliona lilivyokuwa, aliikunjua ile karatasi, akairudisha nusu ile juu ya kifuniko.

"Kesho tunakwenda," nikasema. "Si kwa ajili ya titi langu. Nataka kusikia daktari akikutukana."

Sikurudi kibandani siku hiyo. Nilituma mtu aniletee godoro, nikalitandika chumba cha mbele. Sikuomba ruhusa. Asubuhi nilisimama mbele yake mpaka akameza kidonge kizima, nikamwambia afungue mdomo, nikaangalia na chini ya ulimi.

"Unanichunguza kama punda wa mnadani," akasema.

"Punda hamezi nusu."

Hospitali ya wilaya walituandikia barua ya kwenda Mbeya. Daktari tuliyemkuta huko anaitwa Ambakisye, kijana mpole, anayevaa miwani na viatu vilivyochakaa. Yunis alimweleza kila kitu mwenyewe, kichwa ameinamisha. Nilingoja matusi. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akatuuliza kama tunaimba kanisani.

"Yeye anaimba sauti ya kwanza," nikasema. "Vibaya."

"Kitabu cha nyimbo mnachotumia ni kimoja kwa wote?"

"Ni kimoja."

"Mbona hamwimbi nyimbo zote kwa mara moja?"

"Tutakuwa wendawazimu," Yunis akasema. "Tunangoja mtu ataje namba."

"Mwili nao ni hivyo," daktari akasema. "Umejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kila seli inacho kitabu kizima. Seli ya jicho ina kitabu kile kile cha seli ya ini. Lakini ndani ya kila seli kuna protini ambazo kazi yake ni kutaja namba. Fungua hapa, imba huu, acha ule. Upo wimbo wa kukua na kugawanyika. Upo wa kusimama. Upo hata wa seli kujifia ikiharibika. Mtaja namba akimaliza kazi yake anakaa chini. Sasa kwenye saratani, kuna mtaja namba asiyekaa. Anataja wimbo wa kukua asubuhi, mchana, jioni, na seli zinamwitikia tu. Au mwingine, yule wa kutaja wimbo wa kusimama, ameharibika, sauti haitoki."

Wataja namba hao wana jina lao la kitaalamu. Alilitaja, nikalisahau kabla sijafika mlangoni.

"Wa kwangu mimi yukoje?" Yunis akauliza.

"Wako anaamshwa na homoni ya kike, estrojeni. Homoni ina mahali pake pa kukaa juu ya huyo mtaja namba, kama kiti. Ikikaa, yeye anasimama na kuanza kuimbisha."

"Kumbe ni kama Hezroni," Yunis akasema. "Akiguswa na mwanamke anasimama, na kukaa hajui."

Daktari alijifanya anatafuta kitu kwenye faili mpaka kicheko kikamwisha. Kisha akasema: "Kidonge chako kinakalia kile kiti. Homoni ikija inakuta pamejaa. Lakini viti ni vingi, mama, wala havikaliwi siku moja tu. Ndiyo maana tulikuambia kimoja kizima, kila siku, miaka mitano. Ukimeza nusu, sijui ni viti vingapi umeviacha wazi."

Mimi nikauliza langu. "Na mimi? Nusu yake imenifaa?"

"Sijui, mama. Uvimbe wako bado hatujaupima. Wanawake wawili wanaweza kuwa na saratani ya titi wote, na mtaja namba wa mmoja asiwe wa mwenzake. Kama wako si huyu anayeamshwa na homoni, kidonge hiki hata ukimeza kumi hakimkuti mwenye kosa. Ndiyo maana dawa ya mtu haigawanywi. Si uchoyo."

Walinichoma sindano nene, wakatoa kipande, kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Yunis naye akapigwa picha ya kifua na ya tumbo, akatolewa damu. Tukaambiwa turudi baada ya wiki nne.

Wiki nne zile sizitaki tena. Tulirudi Ngonga, tukapalilia, tukapika kwenye jiko moja, kila mmoja akinung'unikia chumvi ya mwenzake. Yeye alikuwa anawaza kwamba nikifa ni yeye aliyenichelewesha kwa karatasi zake. Mimi nilikuwa nawaza kwamba saratani yake ikirudi ni mimi niliyeila dawa yake, mimi niliyefurahi kumwona anachoma peke yake. Hatukuambizana. Siku moja tu, tukichambua mchele, alisema:

"Kakao hii, sikujua ulipanda wewe. Aliniambia ni ya baba yake."

"Baba yake hakuwahi kupanda hata pilipili."

"Sasa najua."

Lilikuwa neno dogo, na mimi sikulijibu vizuri. Nilimwambia mchele wake bado una mawe.

Tuliporudi Mbeya daktari alianza na Yunis. Picha safi, damu safi, ini zima. Hakuna kilichorudi. Akamwambia aendelee na kidonge kizima, na miezi ile mitano itaongezwa mwishoni. Yunis alinigeukia mimi, akangoja.

"Mama Lusungu," daktari akasema, "wako si yule wa homoni. Tumemtafuta kwenye kipande chako, hayupo. Kwako inaelekea yule wa wimbo wa kusimama ndiye aliyeharibika, pamoja na mengine ambayo wataalamu bado wanayatafuta. Vidonge hivi si vyako. Lakini uvimbe haujatoka kwenye titi kwenda kwingine, na kwa aina yako dawa ya dripu hufanya kazi vizuri kwa wengi. Inaziwahi seli zikiwa katika kugawanyika, na zako zinagawanyika mbio, kwa hiyo inazikuta. Tutaanza na dripu, tuupunguze, halafu tukate."

Aliyelia ni Yunis. Alilia kwa sauti, pua zinamtoka, watu wa benchi la nje wakachungulia.

"Nimekupa maji," akasema. "Miezi mitano nakuletea maji kwenye karatasi."

"Si maji," nikamwambia. "Umenipa joto la shingo bure. Futa pua, daktari ana watu wengine."

Nilikwenda dripu nane. Yunis alinisindikiza zote, kasoro moja alipougua malaria, na hiyo nilimtumia ujumbe kupitia simu ya jirani kumwuliza kama amemeza. Nywele zilinitoka zote, hata nyusi. Kinywa kikawa kama nimelamba majivu. Kuna siku nilimwambia naacha, na yeye akaniambia sawa, acha, Hezroni akirudi atafurahi kukuta kaburi moja na mke mmoja, atapata pa kuanzia. Nikaenda kwa hasira. Baada ya dripu ya tano uvimbe ulikuwa umerudi kuwa kama mbegu ya kakao. Baada ya ya saba alinipapasa kwa vidole vyake muda mrefu, upande huu na upande ule, akafumba macho.

"Jiwe silioni," akasema.

"Tafuta vizuri."

"Nimetafuta. Silioni."

Walinikata hata hivyo, kama daktari alivyosema. Titi langu limekwenda, na nilililia siku mbili, siwezi kudanganya. Wiki tatu baadaye daktari alituita, akasoma karatasi ya maabara mara mbili kabla ya kusema. Kwenye nyama yote waliyoitoa hawakukuta seli ya saratani iliyo hai. Hata moja. Alisema hiyo si ahadi ya milele, nitarudi kila miezi mitatu, lakini ni habari njema kuliko alivyotarajia. Nikamwambia ndaga, ahsante ya kwetu, mara tatu, kwa kuwa Kiswahili chote kilikuwa kimeniishia.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Nywele zimeota, za kipilipili zaidi kuliko za zamani. Bado naishi naye. Bado simpendi anapoimba. Sijamsamehe Hezroni na sina mpango huo, na kuhusu Yunis sijui neno gani linafaa, maana miaka ile haifutiki kwa sababu mtu amekuletea dawa kwenye matope. Ila wakati wa kuchoma ukifika ninabeba kuni, nashika fimbo ya pili, nasimama upande ule unaokwenda moshi.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa kitongoji cha pili, Tuntufye, mwenye wajukuu wanne. Alikaa sana bila kusema lililomleta. Alisifu vyungu, akasifu kuku, akauliza habari za mpunga. Mwishowe akamwinamia Yunis.

"Nimesikia una vidonge vya titi," akasema chini chini. "Nipatie hata nusu."

Yunis alinitazama mimi.

"Uvimbe uko upande gani?" nikamwuliza Tuntufye.

"Kulia."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Umemwonyesha nani?"

"Nimwonyeshe nani? Watanikata kama ninyi."

Nilifungua blauzi pale pale barazani, nikamwonyesha kovu. Alitaka kugeuza uso, nikamshika kidevu akaangalia. "Nimekatwa, na niko hapa nakuuliza maswali," nikasema. "Nusu hupati. Hiyo dawa ni ya Yunis na mtaja namba wake. Wa kwako hatumjui, na mimi siwezi kumjua kwa kukuangalia, wala yeye kwa vidole vyake. Kesho alfajiri uwe barabarani na kanga mbili na maji ya kunywa. Tunakwenda wote."

"Na mpunga wangu? Ndege watamaliza."

"Ndege na wale," Yunis akasema, akiinuka kwenda kutafuta begi. "Wakimaliza wako tutakugawia wetu. Mpunga unagawanyika."

Kesho yake Tuntufye alikuwa barabarani kabla yetu, amevaa gauni la kanisani, amekasirika.